Hivi kuna mtu mnayemjua aliyefungwa kwa kugoma kuhesabiwa?

#1 Kahawa Chungu (25 Agosti 2022)

Wakuu, salamu.

Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Kila redio ukifungua unaambiwa kuhesabiwa ni lazima kisheria, ukigoma faini au jela. Sawa. Mimi nimevuka hamsini. Sensa ya 1978 ilinikuta mtoto, nikapita ya 1988, ya 2002, ya 2012 na hii ya juzi Jumanne. Sijawahi kumwona mtu hata mmoja aliyepanda kizimbani kwa kosa hilo. Wa gongo nawajua, wa bangi nawajua, hata wa kukojoa ukutani namjua mmoja. Wa sensa hapana.

Nauliza kwa sababu nina shemeji yangu, kaka yake mke wangu, yuko kwangu tangu mwezi wa sita. Kagoma. Anasema wakimtaka waje na pingu. Usiku wa kuamkia Jumanne akabeba mswaki wake akatoka ili karani asimkute. Jana mjumbe wa mtaa kaniuliza kama kwangu tumeshamaliza, nikamjibu tumemaliza. Je, na mimi nina kosa?

#2 Mtoto wa Mjumbe

Kosa lako ni kumlisha tangu mwezi wa sita.

#3 Bwana Kifungu

Mkuu, tuanze na sheria yenyewe maana wengi wanaisikia redioni tu. Ni Sheria ya Takwimu, Sura ya 351. Kukataa kujibu bila sababu ya msingi ni kosa, kutoa taarifa za uongo ukijua ni uongo ni kosa, kumzuia karani asifanye kazi yake ni kosa. Lakini sheria hiyohiyo inambana na karani: ameapa kutunza siri, na akienda kusimulia mtaani uliyomjibu, yeye ndiye mwenye kesi.

Kwa nini huoni watu kizimbani? Nadhani kwa sababu ni kesi ngumu kuliko inavyosikika. Lazima uonyeshe kwamba mtu alifikiwa, aliulizwa, akakataa kwa makusudi. Shemeji yako hajakataa kitu mbele ya karani, yeye hakuwepo tu. Kutokuwepo si kugoma.

#4 Kisu Butu

Hiyo Sheria ya Takwimu si ndiyo ile ukitoa hesabu zako tofauti na za serikali unafungwa? Ndiyo maana watu wanaiogopa, hawana habari na sensa wala nini.

#5 Bwana Kifungu

Kisu Butu, unachanganya mafaili. Unayosema ni marekebisho ya 2018, na yalipigiwa kelele na wafadhili mpaka yakalegezwa 2019. Wajibu wa kujibu maswali ya sensa ulikuwepo kabla ya hapo, na bado upo.

#6 Kisu Butu

Haya mwanasheria. Mlinzi wa jengo letu hajui tofauti ya 2018 na 2019, anachojua ni kwamba mambo ya takwimu yana jela.

#7 Mgosi wa Korogwe

Kahawa Chungu, umri unaanza kukusaliti. 2012 umeisahau? Mwaka ule watu walikamatwa, magazeti yaliandika. Zilikuwepo jumuiya za Kiislamu zilizotangaza mgomo kwa hoja kwamba kipengele cha dini kirudishwe kwenye dodoso, kwa vile 1967 kiliulizwa pamoja na kabila, halafu sensa zilizofuata kikaondolewa. Serikali ikasema haigawi maji kwa dini. BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, nao wakawaambia waumini wahesabiwe. Ndani ya Waislamu wenyewe palikuwa na pande mbili, asiwadanganye mtu kwamba sote tulikuwa upande mmoja.

Nasema "sote" kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao. Karani alikuja mara tatu, mara ya tatu akiwa na mjumbe na kijana mmoja mwenye fimbo ambaye hakusema neno, kazi yake kusimama tu. Nikafunga mlango. Siku zikaisha, wakaongeza wiki nyingine nzima. Kilichonitoa ndani si polisi. Ni mama yangu mzazi alikuja akakaa barazani akasema, "Mimi nimekuzaa, wakikuacha kukuhesabu nitaambiwa nilizaa wangapi?" Nikatoka.

Kwa hiyo jibu langu: kukamatwa walikamatwa. Ila watu walihesabiwa kwa mama zao, hawakuhesabiwa kwa kuogopa polisi.

#8 Bwana Kifungu

Hapo Mgosi umenisahihisha, nakubali. Ila kukamatwa na kuhukumiwa ni vitu viwili.

#9 Mgosi wa Korogwe

Aliyelala rumande hajui tofauti hiyo.

#10 Mama Kizibao

Mimi ni karani, ndiyo kwanza nimekaa kitako, miguu imevimba. Nikitoa siri ya mtu Bwana Kifungu atanipeleka mahakamani, kwa hiyo sitaji mtaa.

Tangu Jumanne nimepita kaya nyingi na hakuna hata moja iliyoniambia "sihesabiwi". Kinachotokea ni hiki. Unagonga, mbwa anabweka, mtoto anachungulia anasema "mama anasema hayupo". Au geti la umeme, mlinzi anakwambia bosi kasafiri, na gari la bosi unaliona pale ndani limeoshwa linachuruzika maji. Wenye mageti ndio wagumu. Uswahilini unakaribishwa kigoda, unaletewa na maji.

Na kuchoka ni tatizo kubwa kuliko kugoma. Maswali ni karibu mia. Ukifika kwenye choo cha aina gani na mnapikia nini, mtu anaanza kukuangalia kama umetumwa na mke mwenza.

Lakini kuna swali moja ndilo linaloniuma. Mama unamuuliza umezaa watoto wangapi wakiwa hai, wangapi wapo, wangapi wamefariki. Juzi mama mmoja alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikauliza. Akanyamaza. Akawa anasogeza punje pembeni, moja, ya pili, ya tatu, halafu moja akairudisha. Nikaingiza mbili kwenye kishikwambi. Hajafungua mdomo mpaka tulipofika swali la redio. Sasa huyo akikataa kujibu nimwitie mgambo?

#11 Kahawa Chungu

Mama Kizibao, pole na kazi. Hapo kwenye maharage nimenyamaza na mimi.

#12 Bi Shuwea wa Ng'ambo

Nyinyi watu wa bara mnanchekesha. Huku Unguja nani atagoma na sheha, mkuu wa shehia, yupo? Sheha anajua nani kazaliwa, nani kahama, nani kamuacha mke na yupi kamrejea. Barua ya sheha unaitaka ukienda kutafuta cheti cha kuzaliwa, unaitaka kwa kitambulisho cha ukaazi. Ukimfungia mlango leo kwa sensa, mwakani unamfata kwa barua ya mtoto wa skuli. Haji na pingu, anakusubiri tu.

#13 Mtoto wa Mjumbe

Bi Shuwea umeua. Na huku ni hivyohivyo, baba yangu ni mjumbe, hana mshahara wala gari, lakini hakuna anayemkosea. Hujui lini utahitaji muhuri.

#14 Jirani wa Namanga

Hamjambo majirani. Kwetu Kenya 2019 serikali haikutisha na jela sana, ilifanya kitu kibaya zaidi: ilifunga baa. Waziri wa Usalama wa wakati huo, Matiang'i, alitoa amri kuanzia saa kumi na moja jioni tarehe 24 Agosti mabaa yafungwe ili watu wapatikane nyumbani. Aisee, mtaani kwetu wanaume walikaa sebuleni wakiangaliana na wake zao kama wageni. Karani alipofika baba watoto alishukuru amepata mtu wa kuongea naye.

Lakini tatizo letu kubwa halikuwa wanaogoma, lilikuwa wanaozidi. Sensa ya 2009 ilipotoka, waziri wa Mipango Oparanya alifutilia mbali hesabu za wilaya 8 za kaskazini, Turkana, Mandera, Wajir na Lagdera huko, kwa sababu idadi ilikuwa imeruka kuliko watu wanavyoweza kuzaana. Kesi zikaenda kortini miaka na miaka. Kwetu hesabu ni pesa ya maeneobunge na kaunti, kwa hivyo mtu hakatai kuhesabiwa. Anataka ahesabiwe na ngamia wake.

#15 Kisu Butu

Jirani, kumbe ndiyo dawa. Weka hela kwenye idadi ya watu uone kama mtu atabeba mswaki usiku.

#16 Mama Kizibao

Kisu Butu, huku pia watu wanaambiwa idadi ndiyo inayoleta zahanati na madarasa. Kila nyumba naambiwa, "Tulihesabiwa 2012, zahanati iko wapi?" Wengine wananiambia nihesabu kwanza miaka waliyosubiri. Hilo halijibiwi kwa kifungu cha sheria.

#17 Mzee wa Kanisa

Mnaongelea sheria mnasahau hofu ya zamani kuliko serikali. Someni Samweli wa Pili sura ya 24. Daudi aliamuru watu wahesabiwe, Yoabu akamwambia wazi kwamba si vizuri, lakini neno la mfalme likashinda. Hesabu ikaja: wanaume wa vita 800,000 Israeli na 500,000 Yuda. Ikafuata tauni ya siku tatu, wakafa 70,000. Bibi yangu alikuwa hahesabu watoto wala vifaranga kwa sauti. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi anasema "wapo". Huyo si mgomaji, ni mcha Mungu.

Na kabla ya hapo, Kutoka 30, kila anayehesabiwa alitakiwa atoe nusu shekeli ya fidia ili tauni isiwapate.

#18 Mtoto wa Mjumbe

Kwa hiyo hata enzi za Musa kuhesabiwa kulikuwa na TOZO? Jamani serikali isisome huu uzi, tozo ya miamala ya simu tu imetushinda.

#19 Kisu Butu

Modi futa #17 haraka.

#20 Msukuma wa Magu

Mzee wa Kanisa kasema kweli ila asiende mbali mpaka kwa Daudi. Babu yangu aliniambia mwanaume kuhesabiwa maana yake ni kodi. Mkoloni alihesabu nyumba, ikaja kodi ya nyumba. Akahesabu vichwa, ikaja kodi ya kichwa. Tukapata uhuru, baadaye ikaja kodi ya maendeleo, wazee wetu wakawa wanakimbilia porini wakisikia mgambo wa kata yuko njiani, mpaka ilipofutwa 2003. Miaka 19 tu iliyopita! Mtu aliyejificha kwenye mtama mwaka 2001 leo ni baba wa familia, unamwambia "karani anakuja kukuhesabu kwa maendeleo yako", neno "maendeleo" lenyewe linamtia jasho.

Na ng'ombe ndiyo usiulize kabisa. Mtu ana mia nne atakwambia arobaini, na kati ya hao arobaini kumi ni wa jirani.

#21 Bwana Kifungu

Msukuma, hapo ndipo penye utata. Kupunguza ng'ombe ni kutoa taarifa za uongo, ni kosa lilelile. Tungekuwa tunakamata, magereza ya kanda ya ziwa yangejaa wafugaji.

#22 Msukuma wa Magu

Na ng'ombe nani angewachunga?

#23 Mbeba Boksi

Salamu toka Uingereza. Huku nako ni lazima, adhabu ni faini mpaka pauni 1,000. Sensa ya mwaka jana, 2021, ilikuja kwa barua yenye namba ya siri, unajaza mwenyewe mtandaoni. Nilichelewa, ikaja barua ya kukumbusha, halafu nyingine yenye maneno makali, halafu akaja dada mmoja mlangoni na mwavuli, mpole kabisa, akanisaidia kujaza kwenye simu yangu. Hiyo ndiyo pingu yao. Uskoti walifanya yao mwaka huu mwezi Machi, waliojibu wakawa pungufu kuliko walivyotarajia, wakaongeza muda mpaka mwisho wa Mei. Faini hiyohiyo ya pauni elfu ilikuwepo.

Ila niwape kisa. Mwaka 1911 akina mama waliokuwa wanadai kura waligomea sensa ya hapa. Walisema kama hatuhesabiki kwenye kura, msituhesabu kwenye sensa. Wengine walikesha nje usiku kucha ili wasikutwe nyumbani, kama shemeji wa Kahawa Chungu. Mmoja wao, Emily Davison, alijificha kwenye kistoo ndani ya jengo la Bunge. Akakutwa. Akaandikwa kwamba usiku ule alikuwa Bungeni, na mama mwenye nyumba yake naye akamwandika kule alikopanga. Mgomaji kahesabiwa mara mbili! Na serikali ikaamua isiwashtaki hao wanawake. Waziri aliyehusika, John Burns, aliona hawakuwa wengi kiasi cha kuharibu hesabu, na kuwapeleka mahakamani ni kuwapa jukwaa.

Mimi naona hiyo ndiyo sababu kila mahali. Tishio liko kwa ajili ya wasioamua bado. Aliyekwisha amua, ukimshika umemtangaza.

#24 Mgosi wa Korogwe

Mbeba Boksi, 2012 huku hawakufuata akili hiyo. Ila uliyosema kuhusu jukwaa ni kweli, waliokamatwa ndio waliojulikana.

#25 Kahawa Chungu (28 Agosti 2022)

Wakuu, yamenikuta. Nimesoma hiyo #23 kwa sauti mezani, mke wangu akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza unacheka nini. Akasema Jumatano karani alipokuja mimi nikiwa kazini, alimtaja na kaka yake. Jina, umri, kazi ("anatafuta"), elimu, kila kitu. "Nimuache ndugu yangu aonekane hayupo duniani?" Umri kakosea miaka miwili, anasema hawezi kukumbuka nani alifuatia nani.

Basi nikamuita shemeji, nikamuuliza usiku ule ulilala wapi. Gesti, huko Manzese. Nikamuuliza, pale gesti hawakuja watu? Akasema walikuja usiku wa manane, wakagonga kila chumba, akadhani ni polisi wa msako, akatoa majibu yote huku anatetemeka, mpaka jina la kijiji.

Yaani mgomaji pekee ninayemjua kahesabiwa mara mbili.

#26 Mtoto wa Mjumbe

NIMEKUFA. Shemeji Davison.

#27 Mama Kizibao

Usiku ule tulihesabu gesti, hospitali, stendi za mabasi na wanaolala nje. Alipaswa kuhesabiwa alikolala, yaani gesti. Mke wako ndiye aliyemzidisha. Swali la kwanza lilikuwa nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23, hatukuuliza ndugu zako ni akina nani. Mrudie mjumbe useme.

#28 Bwana Kifungu

Na miaka miwili aliyompunguzia?

#29 Kahawa Chungu

Kifungu, mwache mke wangu. Mjumbe nimeshamwambia, amecheka akasema shemeji ni mnene, anastahili wawili.

#30 Bi Shuwea wa Ng'ambo

Basi huyo ndo jawabu lako. Hakuna aliyefungwa kwa sababu hakuna aliyebaki. Akigoma yeye, mkewe atamsema, au dada, au mama mkwe.

#31 Mgosi wa Korogwe

Si kweli Bi Shuwea. Waliobaki 2012 nawajua kwa majina na hakuna mke aliyewasema, maana mke naye aligoma.

#32 Kisu Butu (1 Novemba 2022)

Nafufua uzi. Jana Rais katangaza matokeo Dodoma: 61,741,120. Bara 59,851,347, Zanzibar 1,889,773. Mwaka 2012 tulikuwa 44,928,923. Ongezeko la 3.2% kwa mwaka. Naomba shemeji wa Kahawa Chungu atolewe mmoja ibaki 61,741,119.

#33 Mbeba Boksi

Kwa hiyo walioitikia walikuwa wengi sana au 2012 waliachwa wengi? 2012 kasi ilikuwa 2.7%. Kasi kupanda hivyo inafikirisha. Inawezekana mgomo wa 2012 uliacha pengo na sasa limezibwa.

#34 Mama Kizibao

Au watu wamezaa. Mbona hamtaki kuamini watu wamezaa? Nimeyaona kwa macho yangu, chumba kimoja watu tisa.

#35 Msukuma wa Magu

Au safari hii ilikuwa kishikwambi, huwezi kuruka swali, na ramani inakuonyesha nyumba uliyoiacha. 2012 ilikuwa karatasi, karani akichoka anakaa chini ya mwembe anamalizia mwenyewe.

#36 Mama Kizibao

Msukuma usinichafulie wenzangu.

#37 Msukuma wa Magu

Mwembe naujua dada, upo mpaka leo.

#38 Mtu wa Kampala (12 Mei 2024)

Nimeukuta huu uzi nikitafuta kitu kingine. Huku Uganda tumehesabiwa juzi, usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei, siku ikafanywa ya mapumziko, mitaa mitupu kama Krismasi. Watu walikaa nyumbani kutwa nzima wakingoja, na kwangu hajafika mtu hadi sasa. Naomba kuuliza wataalamu: sheria inaniadhibu mimi nikikataa, je, asipokuja namshtaki nani?

#39 Bwana Kifungu

Swali zuri kuliko yote humu. Sina jibu la huko kwenu.

#40 Mbeba Boksi

Kampala shukuru unangoja siku mbili. Ndugu zetu Wakongo wanangoja tangu 1984.

#41 Mtoto wa Mjumbe (20 Oktoba 2024)

Kahawa Chungu uko hai? Shemeji aliondoka?

#42 Kahawa Chungu

Yupo. Tena kabadilika, kajiandikisha daftari la mkazi siku ya kwanza kabisa, foleni alikuwa wa nne. Mwezi ujao anagombea ujumbe wa serikali ya mtaa. Jana usiku nimemkuta sebuleni na daftari la shule la mwanangu, anapiga hesabu za kura nyumba kwa nyumba. Kwetu kaandika watu wazima watatu. Tuko wanne. Kajisahau.